Toleo la nakala 20 linakaribia kwisha na mteja anataka 30 zaidi: je, nichape tena kwa kibao kilekile?

Mchongaji wa Tanga aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na salaam kwa wenzangu wote.

Ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo limenikosesha usingizi wiki nzima. Mimi ni mchongaji wa chapa za lino hapa Tanga, yaani picha zinazochongwa kwenye kibao cha linoleamu, kisha kibao hupakwa wino na kuchapwa juu ya karatasi. Mwaka jana nilichonga kibao cha linoleamu cha sentimita 30 kwa 40, kinachoonyesha mafundi wakikalafati jahazi lililolazwa ubavu ufukweni wakati maji yamekupwa, nikakichapa kwa wino mweusi peke yake juu ya karatasi nyeupe ya pamba. Nakala zilikuwa 20. Chini ya kila moja niliandika kwa penseli namba yake upande wa kushoto, kuanzia 1/20 hadi 20/20, jina la kazi katikati na sahihi yangu kulia, kama nilivyofundishwa kwenye warsha. Nakala mbili zaidi niliziandika A/P, yaani nakala za msanii mwenyewe, nazo sijaziuza. Kati ya zile 20 nimekwisha kuuza 17.

Sasa mwenye nyumba ya wageni huko Unguja ameiona kazi hiyo kwa mteja wangu mmoja, akaipenda, na ameagiza nakala 30 ili atundike moja katika kila chumba. Fedha anayotaja ni nyingi kuliko yote niliyopata kwa kazi hiyo tangu nianze kuiuza, na kibao bado ninacho, kimefungwa kwa kipande cha kanga juu ya kabati, hakina hata mkwaruzo. Rafiki yangu mmoja amenishauri nichape hizo 30 na kuziandika 21/50 hadi 50/50. Mwingine anasema niziandike zote A/P, kwa kuwa nakala za msanii hazihesabiwi. Moyo unasita kwa ushauri wa kwanza na wa pili pia, lakini nikiulizwa kwa nini, sina hoja ya kusimama nayo.

Vilevile nimesikia kwamba toleo likiisha kibao hutakiwa kuharibiwa. Je, ni lazima? Na mwisho, ningependa kazi yangu ijayo iwe ya rangi tatu au nne bila kununua linoleamu nyingine kwa kila rangi, maana huku kwetu haipatikani kwa urahisi. Wenye uzoefu naomba mnieleze namna ya kufanya.

Mchapaji Mkongwe, Dar es Salaam, alijibu:

Marahaba, binti yangu. Usichape.

Ile 20 iliyo baada ya mkwaju si hesabu ya karatasi ulizotumia siku hiyo. Ni ahadi uliyowapa watu 17 kwamba picha hiyo, kutoka kibao hicho, haitauzwa zaidi ya nakala 20, nao walilipa bei waliyolipa wakiiamini. Ukiandika 21/50 leo, aliyenunua 6/20 atakuwa na karatasi inayosema uongo ukutani kwake, na uongo huo haukuwamo alipoinunua. Umeutia wewe baadaye, yeye akiwa hana habari. Ndiyo maana moyo wako unasita, na ninafurahi kwamba unasita.

Ni vizuri ujue desturi hii ilikuwa na msingi gani. Katika chapa za shaba, hasa zile ambazo msanii huchora kwa sindano moja kwa moja juu ya bamba, ule ukingo mwembamba wa shaba unaoinuka pembeni mwa mstari ndio unaoshika wino na kuupa mstari ulaini wake. Ukingo huo hulala kidogo kila bamba linapopita kwenye mashine, na baada ya nakala chache mstari huanza kufifia. Hapo idadi iliwekwa na shaba yenyewe, na mnunuzi alikuwa na haki ya kutafuta nakala za mwanzo. Linoleamu haiko hivyo. Kibao kilichochongwa vizuri na kuchapwa kwa uangalifu kinaweza kutoa mamia ya nakala, na ya mwisho ikawa nzuri kama ya kwanza. Kwa hiyo kinachoweka mpaka katika chapa ya lino ni uamuzi wa msanii peke yake, na uamuzi huo ukivunjwa hakuna kitu kingine kinachobaki kuulinda. Kwa sababu hiyohiyo usimwambie mteja kwamba 3/20 ni bora kuliko 18/20. Wengi wetu huandika namba baada ya wino kukauka, nakala zikiwa zimekwisha kuchanganyika kwenye kamba.

Kuhusu A/P, desturi iliyozoeleka ni kwamba zisizidi takriban sehemu moja ya kumi ya toleo. Mbili zako kwa toleo la 20 ni sawasawa kabisa. Nakala 30 za msanii juu ya toleo la 20 ni toleo la pili lililofichwa chini ya jina lingine, na anayejua chapa atalitambua mara moja.

Lipo pia toleo lisilo na kikomo, nalo si la kudharauliwa. Unatia sahihi bila namba, unauza kwa bei ya chini, unachapa kadiri watu wanavyohitaji. Claude Flight, aliyefundisha kuchonga lino katika Grosvenor School of Modern Art jijini London mwishoni mwa miaka ya 1920, alitamani chapa hizi ziuzwe kwa bei ambayo mtu wa kawaida hulipa kwa tikiti ya sinema au glasi ya bia, kwa kuwa linoleamu yenyewe ni kitu rahisi cha kutandika sakafuni. Ninaipenda sana fikra hiyo, na ninadhani sisi huku tungeifuata zaidi kuliko tunavyofanya, kwa sababu watu wengi wanaopenda picha zetu hawazimudu. Lakini njia hiyo huchaguliwa kabla ya nakala ya kwanza kuuzwa, na kwa kazi hii umekwisha kuchelewa.

Mwandikie mwenye nyumba ya wageni umweleze kwamba zimebaki tatu, na kwamba kwa ajili ya vyumba vyake utachonga kibao kipya. Mtu aliyeipenda kazi yako kiasi cha kutaka 30 hatakimbia kwa kuambiwa ukweli. Na akikimbia, basi alitaka mapambo ya ukutani, na hayo yanauzwa kila mahali.

Fremu na Karatasi, Mombasa, alijibu:

Ninamuunga mkono mzee, nami nitaeleza upande wa pili wa meza, kwa kuwa kazi yangu ni kutia picha fremu, na watu huniletea chapa walizonunua kila mahali.

Miaka michache iliyopita wateja wawili wasiojuana waliniletea chapa moja ya msanii mmoja katika wiki moja, na zote mbili zilikuwa zimeandikwa 12/30. Nilizilaza sambamba mezani nikazitazama kwa muda mrefu nikitumaini kwamba nimesoma vibaya. Mmoja wa wateja hao aliinunua iwe zawadi ya harusi ya mwanawe. Sikuwa na la kumwambia. Msanii yule ana mkono mzuri mno, lakini tangu siku hiyo hakuna mtu ninayemwelekeza kwake.

Dada, ujue pia kwamba nyinyi mnaochapa kwa mkono mnashindana na kitu ambacho wanunuzi wengi hawajakitambua. Madukani kwa watalii kuna picha nyingi zinazoitwa toleo maalumu, zina namba na sahihi, lakini ni mchoro uliopigwa picha na kutolewa kwa mashine ya kompyuta. Huwafundisha wateja wangu watumie lenzi ndogo. Picha ya kompyuta huonyesha vidoadoa vya rangi vilivyotawanyika, hata mahali panapoonekana kuwa na rangi moja. Chapa ya lino huonyesha wino mmoja ulioshika karatasi, mara nyingi ukiwa mzito kidogo ukingoni mwa umbo, na katika sehemu zilizochongwa utaona hapa na pale vijistari vidogo ambavyo patasi ilivisahau na rola ikavigusa. Karatasi ikiwa nyembamba na imesuguliwa kwa mkono, ukiigeuza utaona mgongoni njia alizopita mchapaji. Kwa hiyo usisikitike kwamba nakala zako hazifanani kabisa. Ile iliyopauka mno iondoe kwenye toleo. Tofauti ndogo ziache, kwani ndizo zinazoonyesha kwamba kila karatasi ilichapwa peke yake.

Swali la kibao mzee hakuligusa. Si lazima ukichome moto wala kukikata vipande. Jambo linalotakiwa ni kwamba kisiweze tena kutoa nakala inayofanana na zile 20. Wengi huchonga mstari mmoja kutoka kona hadi kona, kisha huchapa nakala moja inayoonyesha mstari huo na kuihifadhi iwe ushahidi. Mimi huumia kuona hivyo. Ningekushauri ukate kona moja tu, pale penye sehemu ya picha, au utoboe tundu linaloonekana wazi, kisha ukitie fremu na kukiuza au kukiweka kwako. Kibao kilichokwisha kazi, chenye wino uliokaukia kwenye mifereji yake, ni kitu kizuri cha kutazamwa. Na uwe na daftari: tarehe ya kuchapa, karatasi, wino, idadi, ngapi ziliharibika, na nani alinunua namba ipi. Siku mjukuu wa mteja wako atakapouliza, daftari ndilo litakalojibu.

Mkusanyaji, Nairobi, alijibu:

Kwa heshima zote kwa waliotangulia, ninatofautiana nao kidogo. Ninanunua chapa, na nisingeona vibaya msanii akitoa toleo la pili kutoka kibao kilekile iwapo lina rangi tofauti kabisa, limeandikwa wazi kuwa ni toleo la pili, namba zake ni za Kirumi, na sisi tulionunua la kwanza tumeandikiwa kabla ya kuchapwa. Wapo wachapaji waliofanya hivyo na hawakupoteza heshima yao. Neno zito hapo ni hilo la kuandikiwa kabla. Kwa nakala 30 nyeusi zinazofanana na ya kwanza, hata mimi nasema hapana.

Mwalimu wa Sanaa, Kampala, alijibu:

Nitajibu lile swali la rangi, kwa kuwa linahusiana na hayo yote kuliko mwuliza swali anavyodhani. Njia anayoitafuta hutumia kibao kimoja kwa rangi zote, na kibao hicho huisha chenyewe kadiri kazi inavyoendelea. Mchoraji Picasso aliifanya ijulikane sana. Mwaka 1958, huko Vallauris kusini mwa Ufaransa, alichonga picha ya mwanamke aliyoinakili kwa namna yake kutoka kwa Cranach, mchoraji wa Ujerumani wa karne ya 16, akitumia kibao cha peke yake kwa kila rangi, na kuzipatanisha rangi hizo, yaani kuhakikisha kila moja inaangukia mahali pake, kulimchosha. Mwaka uliofuata, akifanya kazi na mchapaji Hidalgo Arnéra, akageukia kibao kimoja. Hapa Uganda Fred Mutebi amejulikana kwa chapa za rangi nyingi anazozichonga kwenye ubao wa mti kwa njia hiyohiyo.

Kazi huanza na sehemu zitakazobaki nyeupe. Unazichonga hizo tu, kisha unachapa karatasi zako zote kwa rangi iliyo nyepesi kuliko zote, tuseme manjano. Unakiosha kibao. Unachonga sehemu zinazotakiwa kubaki manjano, unachapa rangi ya pili juu ya karatasi zilezile, na kuendelea hivyo hadi rangi ya mwisho, ambayo kwa kawaida ndiyo nyeusi kuliko nyingine. Mwishoni kibao kina mistari michache iliyobaki, na hata ungelazimishwa usingeweza kuchapa nakala nyingine, kwa sababu sehemu ya manjano haipo tena. Hilo ndilo jibu la swali lako la kuharibu kibao. Katika njia hii hakuna ahadi ya kuvunja, na mteja anayejua huwa na amani.

Lakini ina ukali wake. Lazima uamue idadi kabla ya kuanza, na uongeze karatasi za kuharibika. Kwa toleo la 30 lenye rangi nne mimi huanza na karatasi 40, na bado zipo siku nilizobaki na 27. Kosa la patasi katika rangi ya tatu halina dawa.

Usalama wa kazi yote uko katika kuzipatanisha rangi. Tengeneza fremu ya mbao yenye kona moja ambamo kibao hukaa bila kucheza, na juu yake gundisha vipande vya kadibodi ngumu ambavyo karatasi itavigusa kwa kona na ukingo mmoja kila mara. Usiiguse fremu hiyo hadi rangi ya mwisho ikauke. Paka wino mwembamba katika tabaka za kwanza. Wino mzito hukataa kupokea rangi inayofuata na hung'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Utaujua wino uliotandazwa vizuri kwa sauti yake chini ya rola: huchakacha kwa upole. Ukianza kutoa sauti ya kunata na kuvutika, umezidi. Kama huna mashine, sugua mgongoni mwa karatasi kwa mgongo wa mwiko mdogo wa mti uliolainika kwa kutumiwa, ukianzia katikati kwenda nje, na uchague karatasi nyembamba, kwa sababu karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba itakuvunja mkono kabla haijashika wino wote.

Kwenu pwani jambo la kuogopa ni unyevu. Wino wa mafuta unaokauka kwa siku tatu kwenye hewa kavu unaweza kuchukua wiki nzima wakati wa masika. Tundika nakala kwa vibanio mahali penye upepo, usizilaze moja juu ya nyingine, na usianze rangi ya pili hadi ya kwanza isinate kidoleni. Kwa hiyo umpe mteja wako tarehe yenye nafasi.

Uangalie pia unachonunua. Linoleamu ya kweli, ile aliyoivumbua Frederick Walton huko Uingereza katika karne ya 19, imetengenezwa kwa mafuta ya kitani yaliyogandishwa pamoja na unga wa koki, unga wa mbao na utomvu, na mgongoni ina kitambaa cha juti. Zulia la plastiki linaloviringishwa na kuuzwa kwa mita madukani, ambalo watu wengi nalo huliita lino, ni kitu kingine. Patasi huteleza juu yake. Linoleamu iliyokaa muda mrefu huwa ngumu na kuvunjika pembeni, na kwa hiyo ianike juani dakika chache kabla ya kuchonga, italainika. Na mkono usiochonga ukae daima nyuma ya patasi. Nimefunga vidole vya wanafunzi wengi.

Mwisho, usiidharau nyeusi uliyoanza nayo. John Muafangejo, mzaliwa wa kusini mwa Angola aliyefanya kazi Namibia hadi alipofariki mwaka 1987, alijifunza katika kituo cha Kilutheri cha Rorke's Drift, Afrika Kusini, mahali palipomlea pia Azaria Mbatha, naye akaacha kazi kubwa za nyeusi na nyeupe peke yake. Mara nyingi alichonga maneno ndani ya picha, sentensi nzima, na kila herufi ilibidi ichongwe kinyume ili isomeke sawasawa kwenye karatasi. Huwaambia wanafunzi wangu waitazame kazi yake kabla ya kuniomba rangi ya pili. Picha yako ya jahazi, kwa maelezo uliyotoa, inaonekana kuwa ya aina ambayo rangi ingeipunguzia nguvu.

Mchongaji wa Tanga alijibu:

Nimewasoma wote zaidi ya mara moja, na ninawashukuru. Sasa ninayo hoja ya kuwaeleza rafiki zangu.

Juzi nilimwandikia mwenye nyumba ya wageni nikamweleza kwamba zimebaki nakala tatu, namba 18, 19 na 20, na kwamba jahazi halitachapwa tena. Nilimweleza pia ile njia ya rangi nyingi kwa kibao kimoja. Alinipigia simu jioni, akauliza maswali mengi, hasa kuhusu kibao kuisha chenyewe. Hakuwahi kusikia habari hiyo, na aliniomba nimrudie maelezo ili aweze kuwaeleza wageni wake. Tumekubaliana toleo la 30 la rangi tatu, wanawake wakivua dagaa kwa tandilo kwenye maji ya magotini, na nakala tatu za msanii. Nimemwomba miezi minne kwa ajili ya masika, naye amekubali. Zile tatu za jahazi amezichukua pia.

Nimekata karatasi 42. Fremu ya kupatanisha rangi ameniundia seremala wa mtaani kwa mbao za mkungu, na vipande vya kadibodi nimevigundisha jana usiku. Kibao cha jahazi nimekikata kona ya chini kulia, pale ilipokuwa tezi, yaani sehemu ya nyuma ya jahazi, nikachapa nakala moja ya ushahidi na kuibandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, chini yake nikaandika majina ya wanunuzi 17 kati ya 18 na namba zao. Mmoja tu sikumkumbuka, aliyechukua 11/20 kwenye maonyesho bila kuacha jina.